Barabara za Malindi ni salama kweli? Maswali yale yale tunayoulizwa kila msimu

Nimeamua kuandika hii mara moja manake simu imenichosha. Ikikaribia Disemba, ikikaribia Pasaka, ni maswali yale yale, watu wa Nairobi, wageni wa ng'ambo, hata binamu zangu walioko Ghuba wakirudi likizo. Mimi niliendesha matatu ya abiria 14 Malindi kwenda Mombasa miaka sita, sahii nina teksi na tuktuk moja nimempa kijana wa mtaani aendeshe, kwa hivo mengine ntakayosema yananigusa mwenyewe na sitajitoa.

Haya sema ukweli, barabara ni salama au si salama?

Inategemea na saa. Najua ulitaka ndio au la lakini jibu lenyewe ndilo hilo. Mombasa kuja Malindi ni kama kilomita 120, lami kwa sehemu kubwa haina neno, kona kali chache, milima hakuna, ukitoka alfajiri na foleni ya Mtwapa isikushike unafika kwa saa mbili na kitu. Sasa ipite hiyo hiyo kuanzia saa kumi na mbili na nusu jioni mpaka saa mbili usiku uone kama ni barabara ile uliyoipita asubuhi. Jua limezama lakini giza halijakolea, taa zako haziangazi kitu na macho nayo hayaoni sawasawa, na wakati huo ndio watu wote wako nje, wanaotoka vibarua wanatembea kando ya lami manake njia ya miguu hakuna, watoto wametumwa dukani, mbuzi wanarudi, boda hana taa ya nyuma, baiskeli imebeba makaa magunia mawili na mwenyewe amevaa shati jeusi. Gari inakuja mbele imekuwekea fulu, unafumba jicho, ukifumbua kuna mtu.

Kwa hesabu za NTSA, mamlaka ya usalama barabarani, Kenya inapoteza watu zaidi ya 4,000 barabarani kila mwaka, na kundi kubwa kuliko yote ni wanaotembea kwa miguu, halafu wa pikipiki. Wewe uko ndani ya Prado na mkanda umefunga unaniuliza kama utakuwa salama, sawa, ni haki yako, lakini yule mama wa Matsangoni anayevuka na ndoo kichwani hakuna anayempigia simu kumuuliza.

Mbona matatu zinakimbia kama zinafukuzwa?

Zinafukuzwa kweli, zinafukuzwa na hesabu. Hapa ntakaa kidogo manake watu wengi hudhani dereva wa matatu ni mtu mwenye wazimu tu.

Dereva na makanga wengi hawana mshahara. Tajiri mwenye gari anataka hesabu yake kila jioni, tuseme kwa mfano elfu tano, hiyo lazima iingie iwe kuna abiria au hakuna, iwe mvua imenyesha au umeshikwa Mtwapa saa nzima. Juu ya hapo kuna mafuta, kuna pesa za stejini, kuna manamba waliokujazia gari, kuna vile vitu vya barabarani ambavyo ntakuja kuvisema. Kwa hivo tripu ya kwanza na ya pili ni za watu wengine. Ya tajiri, ya petroli, ya manamba. Ile ya mwisho ndio mfuko wako wewe na makanga. Na tripu ya mwisho inaanguka saa ngapi? Magharibi! Yaani saa ile ile niliyokwambia ni mbaya ndio saa dereva amechoka kuliko siku nzima na ndio saa ana sababu kubwa zaidi ya kukanyaga. Mimi nimekaa kwenye kile kiti najua mguu unavyokuwa, unaona matatu mwenzako mbele yuko Roka na wewe uko Tezo na unajua abiria wote wa Matsangoni na Mida atawachukua yeye, basi unamfuata.

Pia kuna skwodi. Mchana dereva mwenyewe anaenda kula na kulala kidogo, gari anapewa kijana mwengine apige tripu moja, na kijana huyo ana tripu moja tu ya kutafuta chakula chake, sasa wewe fikiria ataendesha vipi.

Si kuna spidi gavana?

Ipo, kile kifaa cha kuzuia gari lisipite mwendo uliowekwa. Sheria zile wenyewe tunaziita za Michuki, marehemu John Michuki alipokuwa waziri wa uchukuzi, zilianza Februari 2004, gavana ya kilomita 80 kwa saa, mikanda kila kiti, abiria 14 tu, mstari wa manjano ubavuni, sare kwa dereva na makanga. Miezi ile ya mwanzo barabara ilikuwa imenyooka mpaka watu wakashangaa, mtu anakaa kiti chake peke yake kama yuko ndege.

Halafu mafundi wakajifunza. Kuna gari zina swichi ndogo chini ya dashibodi, unaibonyeza gavana inalala, ukikaribia kizuizi unaiamsha. Mimi nilikuwa nayo, sitaficha. Ilikuwa upande wa goti la kulia, kiswichi cheusi cha taa ya kitandani, na abiria wa kiti cha mbele wengi walikuwa wanakiona na wananiambia "dere bonyeza hiyo tuchelewe kwani". Abiria ndio wanaotuharibu pia, semeni ukweli.

Mikanda ipo vilevile, lakini ivute uone. Ina vumbi jekundu inakupiga mstari kifuani kama una shati jeupe, au kile kichwa cha kufungia kimezama chini ya kiti huwezi kukipata. Kipate. Ingiza mkono, kitoe, funga, watakucheka kidogo mpaka Mnarani watakuwa wamesahau.

Zile ishara madereva wanapeana ni nini? Mimi sielewi chochote

Hii ni lugha ya wenyewe na haiko kwenye mtihani wa leseni.

Lori mbele yako likiwasha indiketa ya kushoto na halikati kona popote, mara nyingi anakwambia mbele kweupe, pita. Akiwasha ya kulia anakwambia tulia kuna gari inakuja. Shida ni kwamba indiketa ya kulia pia inaweza kuwa anakata kulia kweli, kwa hivo usimpe mtu roho yako aibebe, chungulia mwenyewe kabla hujaovateki. Gari inayokuja mbele ikikupigia taa mara mbili mchana, polisi wako mbele au kuna ajali, kwa vyovyote punguza. Mkono nje unapigapiga chini kama unamtuliza mtoto, maana yake ni hiyo hiyo.

Matawi ya miti juu ya lami usidhani yameangushwa na upepo. Lori limeharibika mbele, dereva hana laifseva (ile pembetatu ya onyo) au anayo na hataki iibiwe, amekata majani ya mwarubaini ameyapanga matatu manne hivi kila baada ya hatua kadhaa. Mchana yanasaidia. Usiku yanaonekana ukishayakanyaga tayari, na lori lenyewe halina hata taa moja ya nyuma. Ukihisi gari inakanyaga majani usiku, breki hapo hapo, usingoje kuona.

Tuktuk za mjini je?

Kwa mjini hazina neno, mwendo mdogo, na Malindi bila tuktuk hatuendi sokoni wala hospitali. Mapatano ya pesa kabla hujaingia, sio baada. Nyuma ni watu watatu, watakwambia wanne, mwengine mbele na dereva nusu ya tako iko nje, kataa hiyo ya mbele hasa kama mna mtoto.

Ninachokiogopa mimi kwa tuktuk ni kugeuka. Dereva akimuona mteja upande wa pili wa barabara anazungusha pale pale, indiketa hakuna, kioo cha pembeni amekigeuza anajiangalia yeye mwenyewe. Gari la magurudumu matatu likikata kona kwa haraka linalala ubavu, mimi yangu imelala mara mbili, mara zote kijana alikuwa anakimbilia mteja wa shilingi hamsini na bodi ikatugharimu elfu kadhaa. Na ndio, mimi pia namtaka hesabu kila jioni. Niliipunguza baada ya ile ya pili, anipe kidogo lakini tuktuk irudi na miguu yake yote, na tangu hapo sijasikia imelala.

Kwenye barabara kuu tuktuk usipande ikiwa una haraka au ni usiku. Gede kwenda Watamu sawa, ni karibu na watu wote wanapanda. Malindi mpaka Gede kwa tuktuk huku mabasi yanakupita na upepo wake unakuyumbisha, hapana.

Na boda boda?

Sheria ni abiria mmoja, helmeti mbili, reflekta mbili. Utakachokiona ni abiria wawili na mtoto katikati, helmeti moja na iko kwenye mkono wa dereva kama kikapu. Ukitaka kupanda chagua mtu mzima aliyevaa mwenyewe, mwambie pole pole kabla hajawasha, sio akishafika kasi. Helmeti ya abiria ikiwa inanuka weka leso ndani uvae hivo hivo.

Usiku barabara kuu usipande boda, basi, hilo sina maelezo zaidi.

Natoka Italia / Ulaya, nimezoea kuendesha upande wa kulia. Nitaweza?

Wataliano wa hapa wameishi miaka na miaka na wanaendesha vizuri tu kuliko sisi wengine. Wanaokosea ni wa wiki ya kwanza, na hawakosei kwenye msongamano, huko mjini unafuata gari la mbele yako huna pa kupotelea. Wanakosea alfajiri barabara ikiwa tupu. Mtu ametoka hotelini Casuarina hana gari mbele hana nyuma, anakata kona na mwili unampeleka kulia kama alivyozoea kwao. Mpaka aione boda inakuja usoni. Weka kitu kwenye dashibodi upande wako, hata kipande cha plasta, kikukumbushe kushoto. Skuta za kukodi na zile kwodi za magurudumu manne usiende nazo barabara kuu, wenye kukodisha hawatakwambia.

Matuta mbona mengi hivi na hayana rangi?

Kila penye shule, penye soko, penye watu wamewahi kugongwa wakaziba barabara wakidai tuta, kuna tuta. Rangi ilipakwa siku ya kwanza. Alama ya kujua ni wachuuzi. Ukiona mbele vijana wamesimama na korosho, madafu, ndizi za kuiva, hapo kuna tuta manake wao wanauzia gari ikipunguza mwendo. Wenyewe ni alama bora kuliko bango. Lakini saa mbili usiku wachuuzi wameshaenda kwao na tuta limebaki.

Upanuzi wa Mtwapa mpaka Kilifi umesaidia?

Utasaidia ukiisha. Kwa sasa ni daivashini, leo unapitishwa kushoto kesho kulia, vumbi jeupe, mawe yanaruka, na usiku alama ni pipa limepakwa chokaa. Pale Vipingo kwenye mkonge barabara imenyooka na kila mtu anajiona ana nafasi ya kuovateki lori tatu kwa mpigo. Wazee wetu wanakumbuka Kilifi mlikuwa mnangoja feri mpaka daraja lilipofunguliwa 1991, babu alikuwa anasema feri ilikuwa inawapoza madereva, mnashuka mnanunua korosho mnakunywa maji, ukipanda tena hasira imekwisha. Sahii hakuna wa kukupoza mpaka uione Mombasa.

Ramadhani kuna tofauti?

Kubwa! Nusu saa kabla ya magharibi usiwe barabarani hapa Malindi kama huna lazima. Mji mzima unakimbilia futari, mtu hajala hajanywa tangu alfajiri, jua la pwani limemchoma siku nzima, na kwenye usukani wa boda ametundika mifuko miwili, mmoja wa bajia na viazi vya karai, mwengine wa tende, na uji wa moto kwenye chupa. Akikata kona ile mifuko inamvuta. Mimi mwenyewe nilimgonga mtu wa uji, kidogo tu kwa kioo, hakuumia, uji wote ukamwagika mlangoni kwangu na tukabaki tunaangaliana adhana inalia. Alinitukana halafu akanikaribisha tende.

Baada ya adhana kwa dakika kama ishirini barabara inakuwa tupu kabisa, hata tuktuk huipati. Ukiwa huna saumu tumia hizo.

Madereva wanaendesha wamelewa?

Wapo. Hii ni kaunti ya Kilifi, mnazi uko kila mahali na mangwe, vilabu vya mnazi, ziko kando ya barabara chini ya mikorosho, mtu anasema mnazi sio pombe ni kinywaji cha nyumbani. Kipimo cha alkobulo hakijui tofauti. Jumapili alasiri na siku za matanga ndio mbaya zaidi, pikapu imejaa watu wametoka mazishini na dereva pia alikuwa mfiwa.

Muguka, yale majani ya kutafuna ya aina ya miraa, ni mambo mengine. Dereva anatafuna asilale, lakini mtu aliyetafuna tangu saa kumi alfajiri akifika jioni macho yamefunguka na akili imefungwa, anaona nafasi ya kupita pahali hakuna nafasi. Na zile Probox zinazoleta muguka wenyewe zikikupigia honi nyuma toka njiani mara moja, usishindane. Mzigo ukichelewa wateja wameshanunua kwa mwengine, huyo naye ana hesabu yake.

Polisi wakinisimamisha?

Simama, shusha kioo, salimia vizuri, toa leseni. Makosa ya wageni ni mawili, wengine wanatetemeka wanatoa noti kabla hawajaulizwa kitu, wengine wanaanza kupiga kelele. Uliza kosa ni gani, ukiambiwa mwendo, mjini ni kilomita 50 ujue, mwambie uko tayari aandike. Mara nyingi mazungumzo yanaishia hapo.

Kwa matatu ni tofauti na kila abiria ameona. Makanga anashuka kabla gari haijasimama vizuri, mkono umekunjwa, anasalimiana na mtu, mkono unarudi umekunjuka. Sekunde tano. Hiyo noti nayo inatoka kwenye tripu ya mwisho. Kwa hivo ukiniuliza nani amemfanya dereva akimbie magharibi, na huyo mhesabu.

Mvua ikinyesha?

Masika, kuanzia mwezi wa nne hivi, mjini maji yanasimama na huoni shimo liko wapi, fuata ilipopita gari ya mbele. Nje ya mji mvua ya kwanza baada ya kiangazi ndio mbaya, ile ya dakika kumi tu, mafuta ya malori yaliyokauka juu ya lami yanapanda na barabara inakuwa kama imepakwa sabuni. Upande wa kaskazini kuanzia Gongoni mpaka Marereni kuna malori ya chumvi, chumvi mbichi inadondosha maji njia nzima, ukiwa nyuma yake kaa mbali, kioo chako kinakuwa cheupe na wiper ikipita inazidisha.

Nataka kuendesha mpaka Lamu. Ni salama?

Hili ndilo swali la simu nyingi. Kwanza ujue huendeshi mpaka Lamu, unaendesha mpaka Mokowe, gari unaiacha pale halafu unavuka kwa boti. Malindi mpaka Mokowe ni kama kilomita 220, unavuka mto Sabaki wenye maji mekundu, unapita Mambrui, Gongoni, Marereni, mpaka Garsen, unakata Minjila, Gamba, Witu, halafu Hindi na Mokowe. Tuseme saa nne mpaka tano kwa sababu ya vizuizi.

Zamani kutoka Minjila kwenda mbele ilikuwa mchanga na matope, basi linakwama Witu abiria wanashuka kusukuma, mtu anafika Mokowe huwezi kumjua ni Mwarabu au Mgiriama wote ni rangi moja ya vumbi. Sahii ni lami, na nzuri kuliko ya kwetu. Lakini lami haijamaliza mambo ya usalama. Tangu 2014 ilipovamiwa Mpeketoni njia ile imeshambuliwa mara kadhaa, Januari 2020 mabasi yalishambuliwa Nyongoro na watu wakauawa. Mabasi yakawa yanatembea mchana na kusindikizwa na askari, ukifika Minjila au Gamba uliza siku hiyo utaratibu ni upi na uufuate, ukiambiwa ngoja mngoje. Usiku hapana. Kitambulisho au pasipoti mkononi sio kwenye sanduku, manake mtashushwa wote mkaguliwe, wazee na watoto wanabaki ndani kwa kawaida.

Watu wanasafiri kila siku, hilo pia niseme. Biashara inaenda, shangazi yangu anakwenda Lamu kila Maulidi na hajawahi kukosa. Anaondoka na basi la kwanza la asubuhi na anataka kukaa dirishani.

Kitu ambacho wageni hawafikirii ni maji. Mto Tana ukifurika barabara inakatika. Mvua za El Niño mwisho wa 2023 pale Lango la Simba lami ilizama kabisa, watu wakawa wanavushwa kwa boti halafu wanapanda gari nyengine upande wa pili. Kama mvua kubwa imenyesha bara, hata Malindi kukiwa kukavu, piga simu kwanza, maji ya Tana yanatoka mbali. Na ng'ombe. Kuanzia Garsen wafugaji wanavuka na makundi, ng'ombe mia wanavuka pole pole na wewe honi yako haiwahusu. Zima injini, salimia mchungaji, ngoja.

Nikishafika Lamu kisiwani?

Hapo pumzika, gari karibu hakuna. Mji wa kale vichochoro vyake watu wawili wakikutana mmoja anageuka ubavu, na UNESCO waliuandika urithi wa dunia 2001. Usafiri ni punda, wana hata hospitali yao ya punda tangu 1987. Ukisikia nyuma "simile!" bandika mgongo ukutani mara moja, punda aliyebeba mawe ya kujengea hana breki na hakwepi mtu. Pikipiki zimeanza kuingia na wenyewe wanalalamika, na wana haki, kichochoro cha mita moja na nusu ukipitisha boda, mtoto anayetoka mlangoni atakwenda wapi?

Tsavo kupitia Sala Gate?

Njia nzuri, gari chache, kuwa na tairi ya akiba yenye upepo (ipime, usiniambie iko) na maji ya kunywa. Toka asubuhi.

Nikimgonga mtu au boda nifanyeje?

Mungu apishe mbali. Simama, hilo ni sheria na ni utu. Lakini nakwambia vile mambo yalivyo, ukigonga boda, hata kama kosa ni lake, ndani ya dakika tano utazungukwa na pikipiki ishirini na hakuna atakayekuuliza nani alikuwa na haki. Gari zimechomwa kwa namna hiyo. Kwa hivo kitu cha kwanza kionekane ni wewe unamsaidia aliyeumia, mpeleke hospitali au tafuta gari impeleke, tafuta mzee au mwenyekiti wa stejini zungumza na yeye, sio na kila mtu. Ukihisi roho yako iko hatarini nenda moja kwa moja kituo cha polisi kilicho karibu ujiandikishe hapo, wala sio kukimbia huko. Namba za dharura ni 999 au 112, Msalaba Mwekundu 1199. Ajali iandikwe, abstrakti ya polisi uitake, bila hiyo bima haikusikilizi, na aliyeumia anahitaji fomu ya P3. Usimalize kwa maneno njiani eti tumesameheana, kesho mguu umevimba na msamaha umekwisha.

Mwisho, nikodi gari au nipande matatu?

Kama unakuja Malindi kukaa tu ufuo, Lamu Road (barabara ya hapa mjini) na Watamu, huhitaji gari, tuktuk na teksi zinatosha. Kama mko familia na mnataka Gede, Sala Gate, Mambrui, kodini, na muendeshe mchana. Ukipanda matatu kutoka Mombasa chukua ya asubuhi mpaka saa nane mchana, angalia tairi za mbele kabla ya kulipa, kipara usiingie, watakupigia kelele stejini lakini nyengine inajaa nyuma yake. Kaa katikati. Na ukifika stejini saa kumi na moja umechelewa, kuna matatu imebakisha nafasi moja na makanga anakuvuta mkoba anakwambia twende twende ni ya mwisho hii, hiyo ya mwisho unajua sasa ni ya nani. Mimi hapo hulala kwa dada yangu Kisauni, nakuja asubuhi.